Mwanafunzi Niliyemwambia Bado

Nilimwambia bado mara tatu, na mara zote tatu alikuwa tayari. Naliandika hili mwanzo kabisa nisije nikalizungukazunguka, maana najijua. Nikianza kusimulia mambo yangu huwa najipaka mafuta mpaka nang'aa.

Alikuwa mkaza mwana wa mwenye nyumba wangu. Mumewe aliondoka kwenda nchi za baridi kabla binti yao hajaota meno, akapata kazi ya kupakia mizigo kwenye ghala, na sasa alikuwa amepewa ruhusa ya kumwita mkewe na mtoto. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu: mke afaulu mtihani wa Kiingereza, wa kusikiliza na kuzungumza, unaofanyiwa Nairobi. Binti alikuwa na miaka mitano, na baba yake kwake alikuwa uso ndani ya simu. Nimemwona kwa macho yangu akiibusu ile skrini mpaka ikajaa mate.

Mama mkwe ndiye aliyemleta kwangu. Alikatiza ua alasiri moja baada ya swala, msichana nyuma yake na daftari jipya kifuani, akakaa kwenye kiti changu cha pekee bila kungoja kukaribishwa, naye ana haki, nyumba ni yake. Akaniambia wao Kiingereza hawakijui, hawawezi kupima nani ameiva na nani mbichi, kwa hiyo atakayesema ni mimi. Siku nitakayosema msichana yuko tayari, shemeji yake atampeleka Nairobi. Mpaka hapo hakuna kwenda. Nilijiona mtu mkubwa siku ile, nikavimba kichwa.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nililetwa Garissa kufundisha Kiingereza shule ya msingi, na mpaka mwaka ule nilikuwa nimemaliza miaka kumi na miwili. Walimu wenzangu waliotoka bara waliomba uhamisho mmoja mmoja zile nyakati za hofu ya mashambulizi, viti vyao vikabaki na vumbi chumba cha walimu. Mimi nikabaki, na watu wakanisifu ushujaa. Ushujaa wapi! Mama yangu alishakufa, ndugu zangu walishaigawana nyumba, na ndoa yangu ilikuwa imevunjika zamani hata sura ya yule bwana inanipotea. Sikuwa na pa kuhamia, basi.

Walimu wa pale si watu wabaya. Wanazungumza Kisomali kwa sababu ni lugha yao na ni kwao, na mimi nimejifunza salamu, bei za sokoni na maneno ya kuombeana heri, nikaishia hapo. Likisimuliwa jambo la kuchekesha, nacheka wakishamaliza wote kucheka. Ikifika Ijumaa jioni nafunga mlango wangu, na mpaka Jumatatu asubuhi mtu pekee ninayezungumza naye ni yule wa mkokoteni wa punda anayeniuzia maji, tena neno lenyewe ni "mbili", yaani madumu mawili. Nilikuwa mpweke, na upweke ulinifanya mkali. Watoto darasani walinijua.

Kwa hiyo alipoanza kuja kila siku, alasiri mpaka magharibi, nilijitia hamnazo kama kwamba ananichosha. Kumbe kuanzia saa nane nilikuwa natega sikio nisikie ndara zake uani.

Aliniita edo, ndiyo shangazi kwa Kisomali. Alikuwa na akili nyepesi na kicheko cha puani. Shida yake ilikuwa maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti, na kwake yalikuwa mengi kuliko wanavyoyahesabu wenyewe Waingereza. Kwa ulimi wa Kisomali pear na bear ni kitu kimoja, van na fan ni kitu kimoja, kwa hiyo tulianza na hayo. Nilimshikisha karatasi mbele ya midomo, p ikitoka sawasawa karatasi inaruka. Miezi mitatu tulipuliza karatasi. Mtoto naye akawa anapuliza yake pembeni ya mkeka mpaka anapata kizunguzungu.

Tulipomaliza hayo tukaingia kwenye yale yanayofanana kweli, ambayo hata malkia akiyasema huwezi kuyatofautisha mpaka usikie yanatembea na nani. Hapa nilikuwa na mtindo wangu. Niliweka mabakuli mawili ya plastiki, jekundu na la buluu, nikampa kokwa thelathini za tende. Bakuli jekundu ni weak, la udhaifu. Bakuli la buluu ni week, la siku saba. Mimi nasema sentensi nzima, yeye anatia kokwa anakoona ndiko. Tukimaliza tunahesabu. Siku ya meat na meet alinicheka wazi. Aliniambia hapa mji wa mifugo hakuna mtu atakayekosea nyama na kukutana, hata akiwa na homa. Kokwa zote thelathini zikaingia palipofaa.

Ramadhani ilipokaribia kwisha alikuwa anapata ishirini na nane, ishirini na tisa. Mtihani wenyewe nilikuwa nimeshauona kwenye simu. Ni mambo ya kumwambia daktari kichwa kinauma, kumuuliza dereva basi linapita wapi, kueleza unakaa na nani. Hayo alikuwa anayamudu. Siku moja, kabla ya kufuturu, mama mkwe akaniuliza kama sasa tayari.

Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Nikaiona Jumatatu bila ndara uani, Jumanne vile vile, mpaka mwisho wa mwaka, na mwaka unaofuata. Nikasema, "Bado kidogo."

Mama mkwe akaitikia, akaenda zake kukoroga uji. Msichana aliinamisha kichwa, akasema atajitahidi zaidi. Ningekuwa na haya, ningemfuata saa ile ile nikamwambia. Badala yake nilikwenda kutafuta kamusi.

Ilikuwa kamusi nzee, imevimba kwa joto, imetoka jalada. Humo ndimo nilimochimba maneno ambayo mimi mwenyewe, mwalimu wa miaka yote hiyo, sijawahi kuyatumia hata kwa bahati mbaya. Bough na bow. Hew na hue. Faint na feint. Discreet na discrete, ambayo nililazimika kuyasoma mara mbili kabla hajaja nisiaibike. Nikayatia kwenye mabakuli. Kokwa zikaanza kwenda kombo. Alipata kumi na nane, akapata kumi na tano. Nikatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile, jamani, ilikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilimhurumia kwa shimo nililomchimbia mimi.

Akaacha kucheka. Akawa anakuja na macho mekundu kwa sababu anasoma hata mtoto akishalala. Idi ya kuchinja ikapita nikasema bado. Shule zikafungwa Agosti, zikafunguliwa, nikasema tena bado. Kila mara mama mkwe aliniletea chai ya viungo na kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Mtoto akang'oka jino la kwanza, akamwonyesha baba yake kwenye simu.

Basi jioni moja mumewe alipiga simu tukiwa katikati ya somo. Mke akamgeuzia simu aone tunavyosoma, amwone na mwalimu. Kijana mstaarabu, amevaa koti ndani ya nyumba. Alinisalimia kwa Kiswahili cha shule, akanishukuru, akaomba asikie maneno ya siku ile. Mkewe akamsomea kutoka kwenye daftari kwa sauti safi kabisa, p inaruka inavyotakiwa. Yule bwana akacheka. Akasema yeye yuko kule mwaka wa sita, kazini anaongea na Waingereza tu, na maneno hayo hajayasikia hata siku moja. Akauliza kama mtihani umebadilishwa.

Alisema bila kinyongo, anashangaa tu. Mimi nikajifanya napanga kokwa. Mkewe alinitazama, akaitazama ile kamusi iliyo wazi pale mkekani, kisha akamwambia mumewe mtandao unasumbua, akakata simu. Alikusanya daftari lake na mtoto wake akaenda bila kuaga.

Usiku ule sikula. Kesho yake alasiri ndara zikaja, na kwa mara ya kwanza nilitamani zisije. Alikaa pale pale pake kwenye mkeka. Mtoto hakuja naye.

"Edo, niambie kweli," akasema. "Mimi niko tayari tangu lini?"

"Tangu Ramadhani," nikamwambia.

Akahesabu miezi kwa vidole, polepole, midomo inacheza. Nilimwona anapita Idi, anapita Agosti, anafika kwenye jino. Nilingoja matusi. Kwetu Mombasa ningekuwa nimeshatangazwa mtaa mzima. Akaniuliza kwa nini, na mimi, mtu wa maneno mengi kiasi hiki, nikapata maneno machache tu. Nilimwambia akienda sitakuwa na mtu.

Naye akasema, "Si ungesema hivyo? Ningekuja kukaa tu. Lazima mimi nikosee ndio nije?"

Nimesimama mbele ya madarasa miaka yote hii, hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza swali likanikata maini vile. Alinyanyuka, akasema nimwambie mama mkwe yuko tayari, leo hii. Nikaenda nikamwambia.

Wiki tatu baadaye alikwenda Nairobi na shemeji yake. Majibu yalipotoka nilijua kwa vigelegele vya ukuta wa pili. Mama mkwe akanitumia sinia la wali na nyama ya mbuzi, akaja mwenyewe kunishika mikono. Alisema mwalimu mwingine angemwachia msichana aende mbichi akaaibike, lakini mimi nilimshikilia mpaka akaiva. Nilimtazama msichana aliyekuwa amesimama nyuma yake. Hakuwa amemwambia. Hakumwambia mtu yeyote, na alinitazama bila kupepesa mpaka mimi ndiye niliyeangalia chini. Ile nyama niliila yote, kwa sababu kuirudisha kungehitaji maelezo.

Baada ya hapo hakuja. Nilimsikia uani anafua, anamwita mtoto, anacheka na wake wenza wa jirani. Sikumlaumu. Nilirudi kwenye Ijumaa zangu mpaka Jumatatu.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, alikuja. Hakuwa na daftari. Alikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kiti, na hapo nikagundua jambo la ajabu. Hatukuwa na la kuzungumza. Mwaka na zaidi tulikuwa tumekaa pamoja kila siku, najua ulimi wake unagusa wapi akisema v, na sijui kama mama yake mzazi yu hai. Nikamuuliza. Yu hai, akasema, yuko kijijini Sangailu na mbuzi wake, alikwenda kumuaga wiki iliyopita. Nikamuuliza kama mama alilia. Akasema mama yake hakulia, alimpima nguo tu begani kwa kiganja, akasema baridi itaiingia hii. Nilimimina chai kwenye vikombe.

Ndipo akaniambia lililomleta. Mumewe anafanya kazi usiku na kulala mchana. Mtoto ataenda shule. Jengo lao lina milango mingi kila ghorofa, na mumewe hamjui hata mtu mmoja nyuma ya milango hiyo. Alikuwa anaogopa. Alisema hivyo hivyo, naogopa, edo.

"Wewe umekaa miaka kumi na mbili na watu si wako," akasema. "Nifundishe hiyo."

Nikajiweka sawa kitini, mwalimu akaniingia. Nikamwambia asingoje kuitwa. Akifika tu, wiki ya kwanza, agonge mlango wa jirani, aseme jina lake, aombe hata chumvi kama anayo. Wakimfungia agonge wa pili. Watu wa kule ni wazito lakini ni watu, nikasema, na nilisema vizuri, ungedhani nimesoma mahali.

Alinisikiliza mpaka mwisho kwa ile adabu yake. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kwa sababu alitaka kujua:

"Na wewe, hapa Garissa, umegonga mlango ya nani?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta, nikaupita mtaa mzima kichwani, nyumba kwa nyumba, na ule mlango wao uliokuwa hatua kumi kutoka kwangu. Nilitaka nimtajie hata mmoja asafiri nao.

Nikamwambia, hakuna.