Kola Mbili za Hajati

Asubuhi hiyo niliondoka Ggaba kwa sababu nilikuwa nimeamka, sina sababu nyingine ya kuwapa. Nilikuwa nimepara samaki pale ufukweni mwa ziwa mpaka kila mtu akanizoea, na mimi nikishazoeleka mahali miguu huanza kuwasha. Ndivyo nilivyoacha shule pia, darasa la sita. Nilimuaga mama aliyekuwa akiniuzia uji, nikaenda mjini, na kutoka hapo nikatembea tu hadi nikajikuta Kamwokya.

Sokoni mwanamume mmoja alikuwa akipakia magunia ya maganda ya matoke kwenye pikapu, peke yake, jasho likimtiririka.

"Ssebo, unatazama nini? Maganda si sinema. Shika huku!"

Nikashika. Kampala watu hula matoke na ng'ombe hula maganda, hilo nilikuwa nalijua kama kila mtu. Lakini sikuwahi kulifuata gunia mpaka mdomoni mwa ng'ombe. Nikamwomba anichukue.

"Kwa mbele nimejaza magunia," alisema. "Ukiweza kukalia mzigo, panda."

Tulipita foleni ya Ntinda, kisha tukashuka njia ya vumbi nyuma ya maduka hadi kwenye geti la mabati. Aliyefungua alikuwa mama wa Kinubi, mjane, mtandio kichwani na gambuti miguuni. Dereva alimwita Hajati, nami nikamwita hivyohivyo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na zizi la saruji lenye ng'ombe wawili: mweusi, na mweupe aliyekuwa amezaa juzi. Kila mmoja alivaa shingoni kola nene yenye kijisanduku.

"Hajati, hizo ni redio?"

"Redio! Ingekuwa redio ningepata habari. Hiyo inasikiliza. Ng'ombe akicheua inajua, akiacha inajua. Inamwambia mwanangu aliye Juba, naye ananipigia simu kunigombeza mimi ninayelala ukuta mmoja na ng'ombe."

Pikapu iliondoka. Mimi nilibaki, kisingizio changu kikiwa kuchambua plastiki na kamba kutoka kwenye maganda. Kwa kweli nilitaka kukijua kile kijisanduku. Hajati hakunifukuza, na kwa hilo tu ninamshukuru mpaka leo.

Simu yake ililia. Akaiweka sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na maji.

"Mama, huyo mweusi bado hacheui! Umempa dawa?"

"Nimempa. Mafuta, chumvi, kila kitu."

"Basi usingoje. Mwite mchinjaji kabla hajafa."

"Nimeshamwita. Anakuja baada ya alasiri."

Alipokata simu alisimama akimtazama mweusi. Akaniambia, ingawa sikuuliza, kwamba wajukuu wanne wanasoma kwa maziwa ya ng'ombe hao wawili. Mweusi akifa bila kuchinjwa ni nyamafu, hauzwi wala haliwi. Afadhali kisu leo kuliko hasara kesho. Alisema hivyo huku akimkuna ng'ombe katikati ya pembe, na sauti yake haikukubaliana na maneno.

Nilikaa juu ya gunia nikamwangalia mweusi. Alitafuna, akameza, donge la chakula likapanda tena kooni, nikaliona kwa macho yangu, akatafuna tena.

"Hajati, huyu si anacheua?"

"Mashine inasema hacheui."

"Labda mashine haijamwona."

"Wewe mla vumbi, umeingia hapa leo, unabishana na Juba?"

Sikukoma; kunyamaza si kipaji changu. Mweupe alikuwa amelala pembeni, shingo ameikunja hadi ubavuni.

"Na yule?"

"Ni mzazi, amechoka. Mwache."

"Kola zenyewe, huwa mnazivua?"

"Ijumaa, nikiwaogesha kabla ya swala. Mwanangu alisema zisiingie sabuni. Nazitundika kwenye ule msumari."

"Zote mbili?"

"Msumari ni mmoja, nizitundike wapi nyingine, sikioni? Kola ni kola, nikimaliza navisha tu..."

Hakumaliza. Alishika mdomo kwa mkono wenye maji, kisha akaenda moja kwa moja kwa mweupe na kumshika masikio.

"Ya Rabbi. Ni baridi kama bomba."

Alimsukuma ainuke. Mweupe alijaribu, miguu ikatetemeka, akaanguka tena. Hajati alimpigia daktari wa mifugo akizungumza Kinubi, Kiganda na Kiswahili katika pumzi moja, na nadhani daktari alielewa hofu kuliko maneno. Alifika kwa bodaboda, sanduku mapajani, akampima akiwa amepiga magoti kwenye mbolea.

"Homa ya maziwa," alisema. "Amezaa, kalsiamu yote ya damu imekimbilia kwenye kiwele. Wewe mrefu, shika chupa hii juu. Juu zaidi! Hii si bendera ya mazishi."

Niliinua chupa ya dripu mpaka bega likawaka. Dawa iliingia polepole, daktari akiusikiliza moyo. Mweupe akatetemeka ngozi nzima, akabeua, akaanza kusimama, matako kwanza, kama mzee anayetoka kwenye sijda. Hajati alilia waziwazi, akamshukuru Mungu, akamshukuru daktari, akanigeukia mimi, akanipiga begani. Bega lilelile.

Mchinjaji alibisha wakati huo.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Amepona kabla hajaugua," Hajati alimjibu. "Ingia unywe chai."

Tulikunywa wanne, chai ya tangawizi yenye maziwa ya mweusi, na mchinjaji alicheka kuliko sisi wote aliposimuliwa. Hajati alizirudisha kola mbili alizokuwa amezipishanisha, akafunga kitambaa cheupe kwenye ya mweupe, akampigia mwanawe, na safari hii aliyegombezwa alikuwa Juba.

Daktari akifunga sanduku alionya kwamba ugonjwa huo hurudi, na lazima mtu akae karibu na ng'ombe mpaka kesho. Hajati alinitazama.

"Unalala wapi leo?"

"Sijajua."

"Ndani kwangu hulali. Mimi ni mjane na majirani wana macho. Lakini stoo ya pumba ina mlango na taa."

Tulihamisha magunia pamoja. Alileta mkeka, godoro jembamba na blanketi lenye harufu ya udi. Nimelala vyumba vingi vya kulipia ambavyo havikunipokea hivyo. Kabla ya kwenda kuswali magharibi alirudi tena, akanikabidhi simu yake.

"Ikilia, niite," alisema. "Na isipolia, toka umshike masikio."