Ndoo Nne za Mrehani

Bi Mazoon wa mtaa wa Khuwair ya Kusini ni mbishi, na mwenyewe hakatai. Alipostaafu ukarani wizarani, chumba cha wageni alikigeuza shamba: juu taa mbili za mimea, kiyoyozi usiku na mchana, na chini ndoo nne za mrehani. Nje, jua la Agosti lingeukausha kwa siku mbili.

Mbegu ilikuwa ya dada yake, Sayyida, aliyefariki mwaka juzi. Kila harusi ya ukoo, Sayyida ndiye aliyetunga vikuba, vile vishada vya kunukia vya kubandika kifuani, kwa mrehani wake mwenyewe na asumini. Sasa binti wa marehemu, Noof, alikuwa anaolewa, na Bi Mazoon alikwisha mwahidi: utavaa kikuba cha mrehani wa mama yako.

"Wifi, panda midogo mingi kwenye vikopo," wifi yake Nawar alimshauri. "Mmoja ukifa, umekufa mmoja."

"Kimche kidogo hakitoi hata kikuba kimoja. Mimi nnataka miti."

Na miti aliipata, tusimnyime haki yake. Kila shina likifika shubiri alilikata ncha, likachipua matawi mawili, mawili yakawa manne, mpaka ndoo zikafurika. Zile ncha roho haikumpa kuzitupa. Alizitia kwenye glasi za maji, zikatoa mizizi, akagawa kwa kila jirani aliyekuja kunywa kahawa. Akagawa, akasahau.

Siku mbili kabla ya harusi akaamua kufukiza udi nguo za bibi harusi. Chumba kisicho na mtu kilikuwa kile kile cha mrehani. Alitandaza nguo juu ya tenga, chetezo chini, akafunga mlango na kuzima kiyoyozi ili moshi usipotee, kama wanavyofanya wanawake wa kwao wote. Baadaye alitoa nguo, akatoa chetezo. Kiyoyozi akakisahau, na taa zikaendelea kuwaka mpaka asubuhi.

Nguo zilinukia ajabu. Mrehani ulikuwa umelala kama mchicha uliopikwa, ndoo zote nne. Bi Mazoon alikaa sakafuni akalia, kisha akampigia simu Nawar. Wifi huyo alikuwa na haki zote za kucheka, wala hakucheka.

"Zile ncha uliwagawia nani na nani?" aliuliza. "Nitajie majina."

Siku ya harusi, tangu asubuhi, majirani walipanda ngazi na makopo ya maziwa ya unga, makopo ya jodari, hata birika lililotoboka. Vimche ishirini na tatu, kila kimoja na kishada chake kimoja cha maua.

"Chukua, mama, ni mali yako," alisema Balqis wa ghorofa ya chini.

"Si yangu, mwanangu. Ya marehemu dada yangu. Mungu awalipe, mmenistiri."

Bi Mazoon alimshukuru kila aliyeingia kwa jina lake. Nawar akakata, Bi Mazoon akatunga, machozi yakimdondokea kwenye asumini.

"Wema hauozi, wifi," Nawar alisema. "Ila ndoo zako zimeoza."

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Noof alipobandikwa kikuba kifuani, aliinamisha kichwa akakinusa.

"Mama mdogo," akasema, "mama kaja."