Mguu wa Baba Kwenye Breki

Asubuhi ile simu kutoka Soni ziliita mpaka nikatamani kuitupa ile simu kisimani. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, alikuwa amefariki jioni iliyotangulia na mazishi yalikuwa saa tisa alasiri. Kila aliyepiga aliuliza tumefika wapi. Tulikuwa hatujafika popote. Tulikuwa uani kwetu Raskazone, gari liko juu ya jeki, nami nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, mikono inanuka mafuta ya breki.

Gari lile nililinunua kwa mchuuzi wa samaki wa Kigombe. Barafu yake iliyeyukia humo miaka na miaka, maji ya chumvi yakapenya chini yakazila paipu za breki. Fundi alinibadilishia zote siku moja kabla, akaniapia kuwa mambo safi, akaenda zake Pangani harusini. Alfajiri nikakanyaga breki, pedeli ikazama taratibu mpaka chini, laini kama andazi la moto. Upepo ulikuwa umebaki ndani ya paipu. Ingekuwa safari ya tambarare ningejidanganya. Lakini ukipanda Soni lazima ushuke, na zile kona za juu ya Mombo si za kushuka na breki ya kubahatisha.

Baba hakuweza kupanda basi kwa sababu ya nyonga. Aliketi barazani tangu alfajiri, koti limefungwa vifungo vyote, fimbo katikati ya magoti. Hakuwa amelia. Tangu tumpe habari alikuwa amesema jambo moja tu: "Nataka nimtupie udongo kwa mkono wangu mwenyewe." Kila nikimtupia jicho, spana iliniteleza.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anapampu pedeli, kisha anaikandamiza na kusema, "Nimeshika." Mwenzake, kwenye gurudumu, anafungua kinati kidogo cha kutolea upepo, mafuta yanatoka na mapovu, anakifunga, ndipo anasema, "Achia." Mguu ukitoka kabla kinati hakijafungwa, upepo unarudi ndani na mmefanya kazi bure. Nilimweleza haya mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, mtu mzima mwenye akili zake. Akasema ameelewa.

Tukafanya gurudumu lile, pedeli laini. Tukarudia, laini vilevile. Bodaboda zilikuwa zinapita barabarani kwa kelele, jua linapanda, simu inaita. Nikamlaani fundi, nikamlaani na mchuuzi wa Kigombe, nikapapasa kila kiungo cha paipu nikitafuta panapovuja. Pakavu kabisa. Nikaanza kuwaza kwamba pampu nzima imekufa na baba hatamzika mdogo wake.

Nikafungua kinati tena. Safari hii nikasikia mlango wa gari, kisha sauti ya mdogo wangu: "Shikamoo, mzee." Mafuta yaliyokuwa yakitoka yakarudi ndani mbele ya macho yangu.

Nikainuka. Alikuwa karibu na geti, amekunja goti, ameushika kwa mikono miwili mkono wa mzee muuza mkaa wa nyumba ya pili. Habari za msiba zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima. Wazee walikuwa wanaingia mmoja mmoja kutupa pole, naye kwa kila mmoja alikuwa anashuka.

"Nimekwambia usiachie!"

"Kaka, mzee wa watu amekuja kutupa pole, unataka nimwamkie nimekaa, nimemnyooshea miguu?"

"Nataka usitoe mguu!"

"Basi kasimame wewe getini ukawafukuze."

"Kumradhi, mwanangu," akasema muuza mkaa. "Mimi napita tu."

Aibu ikanishika, na hasira haikupungua. Mdogo wangu alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nyuma ya yule mzee mabibi wawili wa jirani walikuwa wameshaingia na kanga zao kichwani, naye akakunja goti tena.

Baba akainuka barazani. Akaja na fimbo yake polepole mpaka kwenye gari.

"Wewe kawapokee watu," akamwambia binti yake. "Mimi ndiye niliyefiwa. Mfiwa hainuki."

"Baba, nyonga," nikasema.

"Nyonga ni ya kushoto. Breki unaikanyaga kwa mguu wa kushoto wewe?"

Akaketi kwenye usukani, tukaanza upya. Wageni wakamfuata palepale, wanaingiza mkono dirishani, "Pole mzee, pole sana," naye anajibu, "Tumeshapoa," mguu uko chini. Hakuutoa hata mara moja bila kuambiwa. "Nimeshika." Nafungua, nafunga. "Achia." Tukahama gurudumu hadi gurudumu, naongeza mafuta kwenye kikopo cha breki, mapovu yanapungua. Kwenye gurudumu la mwisho, la mbele upande wake, mafuta yakatoka matupu. Nikakaza kinati.

"Achia, baba."

Hakuachia. Nikadhani hakunisikia, nikasimama. Ameukamata usukani kwa mikono miwili, mguu bado umeikandamiza pedeli.

"Baba, breki imeshika. Hata saa nne haijafika, tunawahi. Achia."

"Nikiachia nitalia," akasema, macho yako mbele.

Mtaa mzima ulikuwa umeingiza mkono kwenye dirisha lile. Mimi, niliyekuwa naye tangu alfajiri, sikuwa nimempa pole. Nikaweka spana chini, nikaupitisha mkono wangu na mafuta yake, nikamshika bega.

"Pole, baba," nikasema. "Nimeshafunga. Achia."

Akaachia.