Mgongo wa Kiganja cha Fundi

Kofi alilopigwa mpishi wa kambi lilisikika hadi trela ya nne. Mpishi mwenyewe alikuwa jitu la miraba minne, akisimama mlangoni ndani kunaingia giza, na aliyempiga alikuwa mama wa miaka hamsini na mitatu anayemfikia kifuani. Kosa la mpishi? Waya mkubwa wa umeme wa trela yake ulikuwa mrefu kupita kiasi, naye kwa kupenda usafi akauviringisha vizuri, mviringo juu ya mviringo, akausukuma chini ya sakafu usionekane. Mama huyo, fundi wa umeme wa kambi, aliuvuta mzigo huo hadharani, akamshika mpishi mkono na kuubandika juu ya waya.

"Moto huo, au si moto?"

"Moto, Fundi."

"Na unalala juu yake?"

"Nalala juu yake."

Ndipo kofi likatua. "Waya wenye umeme haukunjwi! Unyooshe upate hewa. Nikiukuta tena hivi nakata, ule gizani!"

Mpishi alisugua shavu, akainama, akaanza kuunyoosha. Katika kambi ile hakuna aliyebishana na mkono ule, kwa sababu wote waliikumbuka trela ya saba.

Zilikuwa trela thelathini na moja, zile nyumba za magurudumu ambazo watu wenye nafasi huzivuta nyuma ya gari wakienda kupumzika. Hizi zilikuwa zimechoka. Kampuni ya machimbo ya kokoto ilizinunua kwa jumla, ikazipanga safu mbili kwenye uwanja wa vumbi, ikawatia wafanyakazi humo. Ubavuni mwa kila moja ulitoka waya mnene hadi kwenye sanduku la umeme lililosimikwa juu ya nguzo fupi. Waya huo ulikusudiwa taa, friji ndogo na kiyoyozi kimoja. Watu waliongeza jiko, pasi, birika na kiyoyozi cha pili. Plagi zikawa kahawia, kisha nyeusi, hadi siku moja trela ya saba ikateketea kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na mtu akiwa ndani. Baada ya maziko ndipo kampuni ilipokumbuka kuajiri fundi wa umeme. Wakubwa ndivyo walivyo, hawaoni moshi mpaka waone jeneza.

Mbele yake walimwita Fundi. Nyuma yake walimwita Bi Kofi. Alijua, na hakujali hata chembe.

Kila siku saa nane mchana, jua likiwa kali na kila kiyoyozi kinanguruma, alipita trela baada ya trela akiigusa kila plagi kwa mgongo wa kiganja. Hakutumia kiganja chenyewe, kwa maana umeme ukikunasa kiganjani vidole hujikunja vikaushikilia, lakini ukikugonga mgongoni mkono unaruka wenyewe. Plagi ikimfukuza mkono, alizima na kuketi hapohapo chini. Alikata ncha iliyoungua, akachuna waya mpaka shaba ing'ae, akaitupa soketi ya zamani ya ubavuni ambayo meno yake yamelegea, akafunga ya kisasa yenye meno mapana na pete ya kukaza. Skrubu alizikaza leo na akarudi kuzikaza kesho yake, maana shaba ikishapata joto la kwanza hulegea. Tangu aanze, hakuna trela iliyoungua.

Aliyemshinda alikuwa mmoja tu, binti yake wa kumzaa.

Binti aliishi trela ya kumi na saba na mumewe, aliyeitwa Tingatinga kwa sababu ya mashine aliyoiendesha machimboni. Tabia nayo ikafuata jina. Wiki hii binti ana jicho la zambarau, wiki iliyopita mdomo umepasuka. Kambi nzima ilijua, kwani kuta za trela ni nyembamba, ukipiga chafya jirani anakupa pole. Siku moja Fundi akapiga moyo konde, akaingia bila hodi.

"Fungasha. Twende kwangu."

Binti alikuwa anamenya viazi. Hakuinua uso. "Kwako?"

"Kwangu, ndiyo. Unangoja akutoe roho?"

"Kwako nilipigwa kwa waya, mama. Huyu angalau ananipiga kwa mkono mtupu."

Ilikuwa kweli. Binti akiwa na miaka kumi na moja alisahau pasi juu ya kitanda, godoro likashika moto. Fundi aliuzima, kisha akachukua kipande cha waya kilichokuwa mezani na kumchapa mtoto mpaka majirani wakamvamia kumnyang'anya. Alama bado ilikuwepo mgongoni. Yeye aliyaita malezi. Alikuwa mjane, peke yake, anaogopa moto kuliko kitu chochote duniani, na hofu yake siku zote ilitokea mkononi.

Aliondoka akiwa ameuma meno. Kama hawezi kumtoa mwanawe mle ndani, basi angalau asimwache aungue.

Na plagi ya kumi na saba ilikuwa inaungua kweli. Tingatinga alikuwa amefanya ule ujinga ambao wanaume wa kambi waliuona ujanja. Kila alipowasha viyoyozi vyote viwili, swichi ya kwenye sanduku ilijikata kuulinda waya. Akaona swichi inamdharau. Akaing'oa, akapachika ya ampea hamsini kwenye waya wa ampea thelathini, akawatambia wenzake kwamba sasa umeme wake haukatiki. Haukukatika, ndiyo. Ulikuwa unaupika waya polepole.

Fundi alikwenda na waya mpya, mnene zaidi, soketi mpya na swichi ya kiasi chake. Hata alijishusha. "Dakika arobaini tu, baba. Nabadilisha naondoka."

"Nani kakutuma?" Tingatinga akauliza.

"Hii plagi itawaua."

Alimnyang'anya ule waya mpya akautupa vumbini, kisha akamsukuma kwa mikono miwili. Fundi aliangukia nguzo kwa mdomo, jino likatoka. Alipoinuka, mkwe wake alikuwa analifunga sanduku kwa kufuli, na ufunguo anauvaa shingoni.

"Umeme wangu, mke wangu. Ukigusa hapa tena nitauvunja huo mkono."

Alikwenda kwa msimamizi wa kambi damu ikimtiririka kidevuni. Msimamizi alimpa karatasi ya kufutia. "Hayo ni ya mkwe na mama mkwe," akasema. "Mimi nasimamia kokoto." Laiti ile karatasi ingekuwa jiwe, angemrudishia usoni.

Ikapita wiki nzima. Kila saa nane alipitisha mgongo wa kiganja karibu na ubavu wa ile trela bila kuugusa, na joto lilimfikia likiwa mbali. Binti alimwona dirishani, akavuta pazia.

Siku yenyewe hapakuwa na upepo. Fundi alikuwa trela ya kumi na mbili aliponusa harufu kama ya samaki aliyechacha, harufu ambayo kila fundi wa umeme anaijua na anaiogopa. Alitimua mbio. Soketi ya kumi na saba ilikuwa inatema moto, plastiki inadondoka matone yanayowaka, na ndani kulisikika vishindo, vyombo vinavunjika, binti analia, "Basi! Basi!" Tingatinga alikuwa humo ndani kwenye kazi yake ya kawaida ya kumpiga mkewe, na kelele zake mwenyewe zilimzuia asisikie nyumba inavyolia.

"Tokeni! Moto! Tokeni humo!"

Nani amsikie? Akachomoa nyundo kiunoni, akaligeukia kufuli. Pigo la kwanza liliteleza. La pili lilimchana kidole gumba. La tatu likalipasua kufuli, akaipiga swichi ikazima. Lakini moto ulikuwa umeshaingia ukutani, kwenye mbao kavu na sponji, na huko hauhitaji tena umeme.

Mlango ukafunguka. Tingatinga akatoka anakohoa, shati limefunika pua. Alikuwa peke yake.

"Yuko wapi?" Fundi akauliza.

Mkwe alilitazama kufuli lililopasuka. Alimpiga ngumi ya sikio, Fundi akaona vimulimuli.

Hapo ndipo miaka miwili ya vipigo vya mwanawe ilipomshukia mkononi. Nyundo ilikwenda gotini kwanza, na mfupa ukasikika. Tingatinga akaanguka. Fundi akamkalia kifuani. "Hili la jicho!" Bega likavunjika. "Hili la mdomo!" Meno yakatapakaa vumbini. "Hili la jino langu!" Mkono alioinua kujikinga ulipinda mahali pasipo na kiungo. Alikuwa anapiga na kulia kwa pamoja, damu ya mtu ikimrukia shingoni, na tuseme ukweli, ilimwendea tamu. Hakuuona moto wala moshi. Aliiona sura ile tu, na mahali pa kupiga pafuatapo.

Aliinua nyundo tena aliposikia kioo.

Nyuma ya trela, mpishi alikuwa amejifunga aproni mkononi akavunja dirisha kwa ngumi. Mwili wake haukupita. Aliingiza kichwa na mabega humo motoni, akapapasa sakafuni, akampata binti kwapani, akamvuta juu ya vipande vya kioo. Binti alitoka nywele zinawaka na mikono imechubuka ngozi. Mpishi alimlaza chini, akazizima nywele kwa viganja vyake mwenyewe. Walikuwa hawajasogea hatua kumi paa liliposhuka.

Mpishi aliinua macho, akamwona Fundi amemkalia mtu, nyundo iko hewani.

"Fundi," akasema, bila hata kupaza sauti. "Mwanao alikuwa ndani."

Tingatinga alibebwa kwa machela, polisi wakamngoja kitandani kwake hospitalini kwa kosa la kumpiga mkewe na kumwacha motoni. Hatatembea vizuri tena. Polisi walipouliza nani alimvunja, kambi nzima ilikuwa inatazama moto, hakuna aliyeona kitu. Binti alirudishwa kutoka hospitalini baada ya siku tisa, bendeji hadi kwenye viwiko. Hakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mama yake. Muuguzi alisema homa ikipanda arudishwe haraka.

Saa nane mchana Fundi aliingia kutoka kwenye mzunguko wake, akamkuta binti ameketi kitandani, macho mekundu. Bila kufikiri akainua mkono, mgongo wa kiganja mbele, kuelekea paji la uso.

Mikono ya bendeji iliruka kuufunika uso. Kiwiko kiligonga ukuta, binti akapiga ukelele wa maumivu.

"Nakupima joto tu, mwanangu."

"Najua." Hakuishusha mikono. Alisema kutoka nyuma ya bendeji: "Nilikuwa sakafuni nakuita. Nilikusikia unampiga. Nikawa nahesabu, nikajiambia, akimaliza atakuja."

"Nilikuwa nakupigania!"

"Ulikuwa unapiga tu, mama."

Fundi alibaki amesimama, mkono uko hewani, hajui pa kuuweka. Alitaka kukasirika, maana hasira ndiyo aliyoizoea, lakini haikuja. Kilichokuja ni aibu, nzito.

"Nifanyeje?" akauliza. Hakuwahi kumuuliza binti yake swali hilo tangu amzae.

"Uniulize kwanza. Kabla hujanigusa, uniulize."

Fundi akaushusha mkono. "Naomba nikuguse paji la uso."

Kiyoyozi kilinguruma.

"Leo hapana, mama."

Fundi akatoka. Alivuka uwanja hadi trela ya mpishi, ambaye waya wake ulikuwa umenyooka vumbini, akamwambia amsaidie jambo. Mpishi hakuuliza mengi. Aliingia, akachutama mbele ya kitanda, akamwekea binti kwenye paji kiganja chake kipana chenye malengelenge. Binti alifumba macho tu. Hakujikinga.

Fundi alisimama mlangoni, mikono ameifumbata nyuma.

"Ana homa?"

"Kidogo, Fundi," mpishi akajibu.