Mrija Alioukataa Faustini

Siku yangu ya kwanza katika hospitali ya Gisenyi, miaka ya hamsini, Masera, mtawa aliyekuwa mkuu wa wauguzi, hakuniuliza hata jina. Alinikabidhi sufuria ya bomba za sindano, za kioo siku hizo, akasema, "Bon. Unachemsha kwanza, unasali nyuma." Sindano ikishakuwa butu tuliinoa kwenye jiwe laini. Nyinyi vijana mnaolalamikia sindano za leo, niacheni nicheke kidogo.

Kutoka chumba cha vidonda nilihamishiwa wodi ya wanaume, kisha maabara. Maabara ni jina kubwa. Ilikuwa meza moja na jiko dogo. Hapo nilijifunza kupima mkojo wa wenye ugonjwa wa sukari: unautia katika dawa ya buluu, unachemsha, ukigeuka rangi ya tofali ujue hali ni mbaya. Insulini, dawa inayoshusha sukari mwilini, ilikaa kwenye friji ya mafuta ya taa, na ufunguo alikuwa nao Daktari peke yake.

Mgonjwa wetu wa sukari kijana kuliko wote alikuwa Faustini, fundi cherehani wa mtaa wa Nengo. Alikuja kuchomwa kila asubuhi kabla ya kazi. Daktari alimpa masharti: asinywe pombe, asile vitu vitamu, na akishachomwa asikae na njaa. Lakini atakaaje na wenzake wakinywa, na nani atakubali kuolewa naye? Nilimwuliza Daktari. "Mi natibu damu," alinijibu. "Arusi haiko kazi ya hospitali." Alikuwa daktari mzuri, na jibu lile linaniudhi mpaka leo.

Faustini alimpenda Verena, binti wa Mzee Kabanda wa Nyakiriba. Kwa kuwa baba wa Faustini alikuwa amefariki, aliniomba niwe mshenga. Nilikubali, ingawa nililiona tatizo kabla hatujatoka mjini. Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza pombe ya ndizi, wageni waone haina sumu, kisha humpa mgeni mrija uleule. Kuukataa ni kumwita mwenyeji mchawi mbele ya ukoo wake.

Tulipofika kwake, Mzee Kabanda alionja, akamnyoshea Faustini mrija. Faustini akaupokea kwa mikono miwili, akaurudisha kwa mikono miwili. Nikasimama kueleza ugonjwa, na ili wanielewe haraka nikasema kwamba kitu kitamu kwake ni sumu. Wajomba wa Verena wakaanza kuulizana kama mwanamume asiyeweza kunywa ataweza kulima, ataweza kuzaa, kana kwamba mwenyewe hayupo. Chakula hakiletwi kabla ya maneno ya pombe kwisha, na maneno yale hayakuisha.

Jua lilikuwa limepita utosini nilipomwona Faustini anatoka jasho, mikono inatetemeka. Dawa ya asubuhi ilikuwa inafanya kazi, na tumboni hamna kitu. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Asipopata kitu kitamu upesi angezimia, na pengine asiamke. Niliogopa sana. Nikaomba juisi ya ndizi, ile isiyochachuka, wanayopewa watoto.

Mzee Kabanda alinikazia macho. "We mwenyewe ulisema kitu tamu iko sumu kwake. Sasa unaomba tamu. Unataka mutu afe hapa kwangu, useme nimemuroga?"

Hakuna aliyeinuka. Nilijaribu kueleza kwamba ugonjwa huu una sura mbili, sukari ikizidi na sukari ikipungua, lakini hawakunisikiliza. Faustini alikuwa ameniegemea begani, macho nusu yamefumba.

Ndipo Verena akatoka ndani, anakotakiwa kukaa mchumba mpaka aitwe. Alibeba kibuyu cha juisi. Alipiga magoti, akaonja yeye kwanza mbele ya wote, kazi ambayo ni ya baba yake, kisha akamtia Faustini mrija mdomoni.

"Nimeonja," alisema. "Kama iko sumu, tunakufa wote wawili. Kunywa."

Faustini akanyonya kidogo kidogo, halafu kwa pupa. Baada ya muda akaniuliza kwa nini watu wanamtazama. Nilitaka kulia. Mama Verena akaleta viazi bila kumwuliza mtu, na jioni tukarudi mjini bila jibu.

Sasa nimestaafu. Wauguzi vijana hunitembelea, na mambo ya dozi wanayajua kuliko mimi. Wakiniuliza ni nini kilichomwezesha Faustini kuoa na kulea watoto, nawajibu insulini, mimi si mjinga. Kisha nawaeleza kwamba baada ya siku ile Mzee Kabanda alikuja hospitali kwa miguu kutoka Nyakiriba, akaniuliza mkwe wake anaruhusiwa kunywa nini.

"Maji," nilimwambia.

Siku ya kutoa jibu alituita tena. Alikata mrija mpya, akautumbukiza katika kibuyu cha maji, akaonja polepole mbele ya wajomba wote. Kisha akaupangusa, akamnyoshea Faustini.