Mzigo Ukiongea

Juzi nilikwenda Katesh kumtumia binti yangu chupa ya asali. Ukinijua utashangaa kwanza kwamba nilitoka nyumbani, maana mimi ni mtu wa kigoda. Maishani nimehama mkoa mara moja tu, na hata siku hiyo sikunyanyuka: serikali iliugawa mkoa wa Arusha, nikalala mtu wa Arusha, nikaamka mtu wa Manyara, sufuria ikiwa jikoni palepale.

Kijana wa vifurushi pale stendi aliiviringisha chupa kwa ile nailoni ya mapovu ambayo watoto hupenda kuipasua, akaitia kwenye boksi, akazungusha selotepu mpaka boksi likang'aa. Nikalichukua, nikaliweka sikioni, nikalitikisa.

"Shikamoo, mama," akasema, wenzake wakicheka. "Unatafuta stesheni gani?"

Nikacheka nao. Yeye ningemwelezaje? Wewe nitakueleza.

Mwaka ule wa mkoa mpya tulikuwa tukiishi Gendabi, bibi, mama na mimi. Mama akaanza kuumwa, akapelekwa Arusha mjini kwa mama mdogo ili awe karibu na hospitali. Chakula kikawa hakipiti. Akatuma salamu kwamba anatamani kitu kimoja tu: maziwa ya mgando ya nyumbani, yatoke kwenye kibuyu chake, yenye harufu ya moshi. Huko mjini maziwa yalikuwa tele. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila duka lina kila kitu. Mama aliyaonja ya dukani, akasema yananuka mfuko.

Basi bibi akaingia kazini. Kibuyu kile kilikuwa na tumbo kubwa na shingo ndefu iliyopinda, kama bata anayegeuka kuona nani anamfuata. Hakuna boksi lililotengenezwa kwa umbo hilo. Bibi alikisugua ndani kwa kijiti kilichoungua, akakijaza maziwa ya jirani yetu mfugaji mpaka shingoni, yasipate nafasi ya kucheza. Mdomo aliuziba kwa nyasi laini, kwa sababu mgando hupumua. Ukiubana kabisa, unapasua kibuyu. Shingo akaivika kanga kuukuu kama mtoto mwenye kikohozi. Kisha kikaingia kwenye tenga: chini aliweka maganda ya mahindi, na kila penye uwazi akasukumiza vifuko vya maharage. Kwa nini maharage? "Majani atakula nani kule?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyependekeza majani.

Kazi yangu ilikuwa kutikisa. Nililikumbatia tenga, nikaweka sikio, nikatikisa. Kitu kikigonga hata kidogo natangaza: "Unaongea!" Bibi anasonya, anafungua, anaongeza maharage, mpaka mzigo unyamaze.

"Ukiongea hapa," alikuwa akisema, "kwenye mashimo ya barabara utapiga mayowe."

Kila wiki tulilipeleka tenga barabarani. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yakigombania abiria siku hizo, na konda mmoja alikuwa ametuzoea. "Bibi, huyu bwana shingo ndefu leo anakaa dirishani?" Bibi anamwambia akae popote, mradi asikaliwe.

Na kibuyu kilirudi. Mama alifundishwa kufunga na mikono ileile ya bibi, ila yeye nafasi alizijaza nguo za mitumba: soksi shingoni, sweta tumboni. Nadhani nilikuwa mtoto pekee Gendabi aliyevaa sweta lenye mikunjo ya kibuyu. Kabla hatujafungua, bibi alinipa nitikise. Kimya. Anatabasamu. "Mikono yake bado ina nguvu," anasema. Habari za mgonjwa hakumwuliza konda wala mtu mwingine. Kimya kile kilimtosha wiki nzima.

Wiki moja konda akashuka bila utani. Akamwamkia bibi shikamoo, akamkabidhi tenga kwa mikono miwili, akapanda haraka kabla basi halijasimama sawasawa. Nikalikumbatia. Ndani kitu kikagonga, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi.

"Unaongea!" nikasema, nikicheka. "Bibi, mama siku hizi mvivu!"

Bibi akaweka kiganja juu ya tenga. "Tikisa tena."

Nikatikisa.

Akakaa chini palepale kando ya barabara, miguu ameinyoosha. Kanga ikamdondoka kichwani, asiiokote.

"Huu hajaufunga yeye," akasema. "Mwanangu hajaufunga huu."

Mimi nilidhani analalamikia kazi mbaya. Jioni mama mdogo akafika kutuambia kile ambacho bibi alikuwa amekijua tangu mchana. Jirani yao wa mjini ndiye aliyekifunga kibuyu alfajiri, kisije kikapotea katika pilikapilika za msiba. Konda alijua, lakini habari kama hiyo huletwa na ndugu, si na konda.

Kibuyu hakikuvunjika. Bibi alikitundika ukutani, hakukijaza tena, na baadaye naye akamfuata binti yake. Zikaja ndoo za plastiki, ambazo ukiziangusha zinaruka tu, na siku hizi hata tenga la kununua utalitafuta.

Binti yangu alipiga simu: asali imefika.

"Ilikuwa inaongea?" nikamwuliza.

"Nini, asali?"

"Mzigo."

"Mama," akasema, "hebu pumzika."

Sisemi uongo, kijana wa stendi anafunga vizuri. Boksi lake lilikuwa kimya kabisa. Lakini maboksi yake yote yana kimya kimoja. Unatikisa, unasikiliza, na huwezi kujua ni mikono ya nani iliyofunga, wala kama mwenye mikono bado yupo.