Mabati Yaliyolala kwa Wifi

Machimboni walimwita Mama Nyundo, na jina lilimkaa sawasawa. Kila asubuhi alikaa juu ya gunia lililojazwa majani makavu, akaliweka jiwe juu ya jiwe, akaligonga mpaka likawa kokoto. Lori likija, anauza rundo. Lisipokuja, rundo linamtazama naye analitazama. Kwa rundo hilo hilo, miaka nenda miaka rudi, alinunua bati moja leo, jingine msimu ujao, akayalaza chini ya kitanda mpaka yakatosha. Nyumba ilipoezekwa alishinda uani akitazama juu, wapita njia wakamuuliza kama shingo imeshikwa.

"Imeshikwa na bati," aliwajibu.

Hakuwa na kingine cha kujivunia. Mumewe alikuwa mchimba visima, ukuta wa kisima ukamwangukia mgongoni, na tangu hapo kazi yake kubwa ikawa kushauri. Watoto walikuwa wanne. Binti mkubwa aliacha shule muhula uliopita kwa kukosa ada, na sasa alikaa machimboni kando ya mama yake na nyundo yake ndogo, mdomo kaufumba.

Uani humo humo, katika kibanda cha nyasi, aliishi wifi, dada wa mume, aliyerudi kwao na mtoto mmoja baada ya ndoa kumshinda. Alisuka mikeka, na alisuka polepole. Alitembea polepole, akajibu polepole, na Mama Nyundo, ambaye hakuwahi kumaliza chai akiwa amekaa, aliuona mwendo ule kama tusi. "Wifi akitumwa maji," alizoea kusema, "tunaanza kuomba mvua." Hawakugombana kwa kelele. Walinuniana kwa adabu, na ugomvi wa aina hiyo hauna mtu wa kuusuluhisha.

Ndipo wakaja watu wa mradi. Walisema hawaleti mbegu, wala semina, wala mbuzi. Wanaleta pesa zenyewe, zinaingia kwenye simu, na mwenye simu ajue mwenyewe la kufanya. Watu walicheka. Kijiji cha jirani kilipozipata kweli, kicheko kikakatika. Mmoja kanunua ng'ombe wa maziwa, mwingine kafungua kibanda cha sabuni na mafuta, na mmoja kazinywa zote, ingawa huyo alikuwa mlevi hata kabla mradi haujazaliwa. Sharti lilikuwa moja: wanaanza na walio kwenye nyumba za nyasi. Mwenye bati asubiri. Mkaguzi atapita keshokutwa, na atakayedanganya atafutwa papo hapo.

"Kwa hiyo naadhibiwa kwa sababu sikulala," alisema Mama Nyundo.

"Siyo adhabu, mama watoto. Ndiyo utaratibu wao," alisema mumewe. Kisha akatoa ushauri wake. "Tuyashushe."

"Tushushe nini?"

"Mabati. Nyasi zipo bondeni. Mkaguzi akishapita, tunayarudisha."

Mama Nyundo alikuwa na jibu kali tayari mdomoni. Lakini binti yake alikuwa amechutama karibu na ndoo, analoweka kidole alichokigonga mchana, ukucha umekuwa mweusi. Msichana hakulalamika. Angelalamika, labda mama angemkaripia na mambo yangeishia hapo. Pesa ile ingemrudisha shule, ikabaki, na ikabaki tena.

"Shusha," akasema.

Walianza umande ukiwa bado majanini. Mume alielekeza kutoka chini, binti alipokea, Mama Nyundo aling'oa. Kila msumari ulitoka kwa kulia, naye kila ulipolia alikunja uso kama anang'olewa jino. Majirani waliona, lakini hakuna aliyesema neno, maana kijiji kizima kilikuwa mbioni kujifanya maskini zaidi ya kilivyokuwa. Mwenye ng'ombe alimpeleka ukweni, mwenye redio aliifukia kwenye mahindi. Kufika jioni nyumba ilikuwa na nyasi mbichi kichwani, na mawingu yalikuwa yamejaa upande wa milimani.

Likabaki swali la mabati yenyewe. Chini ya kitanda yangeonekana, shambani yangeibwa.

"Yaleteni kwangu," alisema wifi, bila kuinua macho kwenye mkeka wake. "Mimi ni wa nyasi tangu nirudi. Nani atanipekua?"

Mama Nyundo hakupenda. Alihisi kama anaweka mtoto wake mikononi mwa mtu anayesinzia. Lakini giza lilikuwa linaingia, akakubali. Waliyasimamisha kwenye kona ya kibanda, wakayafunika kwa mikeka.

Mkaguzi alikuwa msichana mwenye buti za matope na simu pana kifuani. Alifika wakati ngurumo za kwanza zinasikika, akaanzia kwa wifi kwa kuwa kibanda chake ndicho kilichokuwa karibu na njia. Mama Nyundo alikaa uani na ungo wa maharage, akijifanya anachagua. Mikono ilikuwa inatoa mazima na kuacha mabovu.

Alimsikia mkaguzi akiuliza wanaolala humo ni wangapi. Akamsikia akisogea ndani. Kisha mkeka ukaporomoka, na bati likalia.

"Haya mabati ya nani, dada?"

Mama Nyundo aliushika ungo kwa mikono miwili. Sasa atanitaja, aliwaza. Miaka yote ya kununiana, leo ndiyo anaipata nafasi yake. Na akitaja, nimekwisha mimi na mwanangu.

"Yangu," alisema wifi.

"Umeyanunua wewe?"

"Mimi. Kwa mikeka."

"Yote?"

"Moja moja. Naliweka chini ya kitanda, nasubiri msimu mwingine, naongeza jingine. Mpaka yametosha."

Mkaguzi alivuta pumzi. "Basi nisamehe, dada. Mwenye mabati ya kutosha nyumba siwezi kumwandika. Itabidi nikufute."

"Haya," alisema wifi, kwa upole wake uleule.

Kilichotakiwa kwa Mama Nyundo kilikuwa kuchagua maharage. Basi. Mumewe, aliyeegemea ukuta, alimkazia macho yanayosema kaa hapo hapo. Mkaguzi angetoka, angeingia kwenye nyumba ya nyasi mbichi, angeandika, na binti angevaa sare. Mama Nyundo aliyajua yote hayo vizuri sana. Lakini masikioni mwake yalibaki maneno machache tu: moja moja, chini ya kitanda. Hayo yalikuwa maisha yake, na mtu mwingine alikuwa anayasimulia kama yake.

Ungo ulimwagika. Alikuwa mlangoni kabla hajajua amesimama.

"Mwongo huyo. Ni yangu."

"Wifi," alisema wifi taratibu, "kaa kimya."

"Nikae kimya wakati unayachukua? Mikeka gani ya kununua bati? Kila moja hapo nimeligonga kwa mkono huu." Alimwekea mkaguzi viganja mbele ya macho, vigumu, vimepasuka, vumbi la mawe limeingia mpaka ndani ya nyufa. "Hilo la mwisho nililipata nikiwa na homa. Muulize alikuwa wapi."

Mkaguzi aliangalia viganja. Akageuka, akaangalia nyumba ya pili, nyasi zake zikiwa bado za kijani.

"Na kabla ya kuletwa huku, mama, yalikuwa wapi?"

Mama Nyundo aliviteremsha viganja. Binti yake alikuwa amesimama nyuma, na sasa wote walikuwa wanaitazama nyumba. Mkaguzi alibonyeza simu yake mara mbili. Nyumba moja ilifutwa na nyingine ikaandikwa.

"Pole, mama," alisema akiondoka.

"Pole haiezeki," alijibu Mama Nyundo, ila sauti haikuwa na nguvu.

Mvua iliwahi kuliko mabati. Walilala wamejikunja kona moja, mume hana hata ushauri. Asubuhi binti aliokota nyundo yake ndogo, akatangulia machimboni bila kusubiri kuitwa, na hilo lilimuuma mama yake kuliko kama angetukanwa.

Pesa iliingia kwenye simu ya wifi. Kijijini wakamsifu Mama Nyundo: mwanamke mkweli, kajinyima ili wifi yake apate. Kila aliyemsifu alikuwa kama anamtia chumvi kwenye kidonda. Wifi naye hakutangaza kitu. Alikwenda sokoni, akarudi, akaenda tena. Kisha siku moja akaanza kufunga mizigo. Alikuwa amepata chumba chenye kibaraza cha kuuzia mikeka.

Mama Nyundo alikwenda kumsaidia kufunga. Ilibidi aseme, la sivyo angepasuka.

"Wifi, watu wanasema nilikutetea. Sikukutetea."

"Najua."

"Nilisikia mtu anachukua mabati yangu kwa mdomo, nikapandwa na hasira."

"Najua, wifi. Nilikuwepo."

"Sasa wewe. Kwa nini ulisema ni yako?"

Wifi alikaza fundo, akalijaribu, akalikaza tena. "Binti yako alipoacha shule alikuja kulia kwangu. Kwako aliogopa, aliona utajilaumu. Nikaona kama atapata mmoja wetu, bora mpate nyinyi." Akavuta mzigo mwingine. "Nilipita shuleni juzi. Nimelipa. Mwambie aanze Jumatatu."

Mama Nyundo alitafuta neno. Kwa wifi yake siku zote alikuwa nalo moja mkononi, tena lenye ncha. Leo alikuta aibu tu, aibu nzito, na chini yake upendo ambao hakujua ulianza lini.

"Usiende," alisema. "Kibanda hiki tutakiezeka. Nitagonga mimi mwenyewe. Kaa."

Wifi alimtazama bila hasira.

"Miaka yote hiyo nilikaa hapa kwa kukosa pa kwenda, wifi. Ungeniambia siku yoyote, hata moja, ningefurahi."

Akamshika mtoto wake mkono, akajitwisha mzigo, akatoka.